Mikoba ya Rais Aliye Hai

SWALI: Redioni nimesikia kuwa rais wa India "alirithi mikoba" ya mtangulizi wake. Je, wanafunzi wangu waandike hivyo? Na rais huyo ni mkuu wa nchi au mkuu wa serikali? (Mwalimu, Makambako)

JIBU: La pili ni jepesi. Katika jamhuri ya kibunge kama India, rais ni mkuu wa nchi. Serikali anaiongoza waziri mkuu. Kwetu vyeo vyote viwili anavyo mtu mmoja, ndiyo maana watu huvichanganya.

Sasa hiyo mikoba. Kurithi tumelitoa Kiarabu, ndugu yake mirathi, na mirathi haifunguliwi mwenye mali angali anakunywa chai. Ram Nath Kovind alimaliza miaka yake 5, Droupadi Murmu akaapishwa tarehe 25 Julai 2022, na Kovind mzima wa afya. Nenda Rungwe useme Murmu "amemrithi" Kovind: wazee watakupa pole kwanza, kisha watauliza matanga yameisha lini.

Mtaniambia, na rais akifa je? Haya. Zakir Husain alifia madarakani Mei 1969. Kwetu makamu humalizia kipindi kilichobaki, India sivyo. Makamu V. V. Giri alikaimu tu, kwa kuwa katiba yao inataka rais mpya achaguliwe ndani ya miezi 6. Julai akajiuzulu ili agombee, ukaimu ukamwangukia jaji mkuu Hidayatullah, na Giri hakuapishwa kuwa rais mpaka tarehe 24 Agosti, baada ya kushinda kura. Msiba upo, mrithi hayupo! Mkwawa, mtemi wa Wahehe, alirithi, naam, baba yake Munyigumba alipofariki mwaka 1879. Na hata yeye ilibidi apigane kwanza.

Tena mkoba wenyewe ni wa mganga. Mzee anakufa, mwanawe anatwaa mfuko na mizizi iliyomo. Wabunge wa India na wenzao wa majimbo wanapiga kura. Wa kuachiwa tunguri ni nani hapo? Na watangazaji wa mpira, ambao kila kocha kwao ana mikoba, nimekwisha kuwasamehe.

Wanafunzi waandike "ameshika nafasi ya" au "amepokea urais kutoka kwa". "Amepokea kijiti" nalo wakiliandika, nitalipitisha shingo upande: aliyekitoa walau bado yu uwanjani, anahema.