Kitu kinachosinyaa kwa joto: ukikibana hakipati moto, kinapoa

Mkuu, umeuliza hivi: kama kuna vitu vinasinyaa vikipashwa moto, basi kuvibana si ni sawa na kuvipasha? Na vikibanwa, vitapata joto na kukaza kama vitu vingine? Wachangiaji wawili wa juu wamekujibu ndiyo. Mimi nasema hapana kwa yote mawili, na naomba nieleze taratibu, maana jambo hili nimeishi nalo darasani.

Nafundisha fizikia sekondari ya kata huku Kongwa. Tukiwa kwenye mada ya vitu kutanuka kwa joto, kijana mmoja wa kidato cha pili, mchunga mbuzi, akaniambia manati yake ikipigwa na jua inakuwa nzito kuvuta. Kwa nilivyokuwa nimetoka kufundisha, ilitakiwa ilegee. Nikasema tujaribu.

Tukakata ukanda wa tyubu ya baiskeli, upana wa kidole, tukaufunga kwenye kenchi, chini tukaning'iniza jiwe, pembeni tukasimamisha rula. Nikamimina maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai. Jiwe likashuka kidogo. Nikadhani hoja imekwisha, lakini yule kijana hakukubali: "Mwalimu, hilo jiwe jepesi. Manati inavutwa." Tukalitoa, tukafunga tofali zima la kuchoma, mpira ukavutika hadi karibu mara mbili ya urefu wake. Safari hii maji yalipouteremkia, tofali likapanda. Lilipanda polepole huku likijizungusha, kama sentimita moja na nusu hivi, na maji yalipopoa likarudi chini. Kijana alikuwa sahihi. Mpira usiovutwa, au uliovutwa kidogo tu, kama chini ya asilimia 10, hutanuka kwa joto kama chuma. Ukivutwa zaidi ya hapo, joto linaurudisha nyuma.

Sasa fanya hivi leo hii hii. Chukua ukanda wa mpira, uguse mdomo wa juu, uvute ghafla huku umegusa. Utasikia uvuguvugu. Ushikilie hivyo hivyo hadi upoe, kisha uachie ghafla: utasikia baridi. Jambo hili lilielezwa mwaka 1805 na John Gough, Mwingereza aliyekuwa kipofu, na aliutumia mdomo kama wewe utakavyoutumia. James Joule, mwanafizikia Mwingereza, akaja kulipima kwa vifaa mwaka 1859.

Ujumbe wa mpira ndio huu: joto linaufupisha, basi kuurefusha kunatoa joto, na kuuacha ufupike kunameza joto. Hapo ndipo penye jibu la swali lako. Pampu ya baiskeli inapata moto ukiibana hewa kwa sababu hewa hutanuka kwa joto. Kitu kinachosinyaa kwa joto kinakwenda kinyume chake: ukikibana haraka, joto lake linashuka. Kukibana si kukipasha. Ni kukifungulia nafasi ya kumeza joto zaidi, na kwa kuwa hakuna aliyekiletea joto hilo, kinatumia lililomo ndani yake mwenyewe.

Kwa nini? Waangalie watoto wanaoruka kamba. Kamba ikizungushwa kwa upana zaidi, wale wawili walioshika ncha inabidi wasogeleane. Kuna madini ya kutengenezwa yaitwayo zirkoniamu tangsteti, ZrW2O8, ambayo atomu zake nyingi za oksijeni zinafanya hivyo hivyo: kila moja kati ya hizo imeshikwa na jirani wawili, inacheza kwa pembeni, na joto likiongezeka inacheza kwa upana, jirani wanavutwa karibu. Mwaka 1996 watafiti walionyesha kuwa madini haya yanasinyaa kuanzia karibu na sifuri halisi (nyuzi -273, baridi isiyoweza kupitwa) hadi nyuzi 777 za Selsiasi, bila kupumzika. Kwenye joto letu la kawaida, fimbo ya mita moja ikipashwa nyuzi 100 inapungua kama milimita 0.9. Kipande cha reli cha urefu huo kingeongezeka kama milimita 1.2.

Sasa hilo la kukaza. Chukua bua kavu la uwele, lisimamishe, likandamize kwa juu. Likiwa limenyooka linakataa kabisa. Likishapinda kidogo tu, mkono unashuka nalo bila shida. Viungo vya ndani vya ZrW2O8 vinapindika namna hiyo, kwa hiyo kadiri unavyoyabana ndivyo yanavyozidi kulegea. Limepimwa hilo, na zinki sayanaidi, kitu kingine kinachosinyaa kwa joto, nayo inafanya vivyo hivyo. Chuma, jiwe, chumvi, vyote vinazidi kuwa vigumu vikibanwa. Hivi vinalegea. Na kwa kuwa kucheza kwa pembeni kumerahisishwa, kusinyaa kwake kwa joto nako kunaongezeka.

Lakini kuna mwisho. Kwenye angahewa kama 2,000 (angahewa moja ni mgandamizo wa hewa ya kawaida inayotuzunguka), karibu mara mbili ya mgandamizo wa kina kirefu kuliko vyote baharini, bua linakunjika moja kwa moja: ujazo unapungua ghafla kwa karibu asilimia 5 na atomu zinajipanga upya. Umbo hilo jipya halisinyai sana kwa joto.

Mchangiaji wa tatu ametaja maji ya kati ya nyuzi 0 na 4. Ni kweli yanasinyaa yakipashwa, na ni kweli yanapoa yakibanwa. Ila usiyatumie kujibu swali la kukaza, maana yenyewe yanakaza. Kila angahewa 100 unazoongeza zinaishusha ile nyuzi 4 kwa karibu nyuzi 2, hivyo ukifika kama 200 tabia hiyo haipo tena juu ya nyuzi 0.

Umeuliza pia kama inafaa kuchanganya kitu kinachosinyaa kwa joto na shaba ili mchanganyiko usitanuke wala kusinyaa. Wazo ni zuri na limeshafanyiwa kazi kwa ZrW2O8, na mgandamizo ndio ulioleta shida. Mchanganyiko unatengenezwa kwenye joto kali. Ukianza kupoa, shaba inasinyaa huku madini yanavimba, basi shaba inayakaba kiasi cha sehemu yake kukunjika na kuwa lile umbo jipya. Kinachosumbua zaidi ni kuwa umbo hilo halirudi lenyewe hata mgandamizo ukiondolewa. Linakaa hivyo hivyo hadi ulipashe moto kufikia kama nyuzi 120, ndipo linafunguka na kuvimba.