Mnaoanza Ugiriki ya kale, msianze na miungu

Nawaandikia nyie mnaoingia kozi ya utangulizi wa Ugiriki ya kale, hasa mlioichukua kama opsheni mkijua ni A ya chee. Mi niliichukua hivyo hivyo. Wiki tatu za mwanzo nikapiga msuli kukariri ukoo wa Zeus, mkuu wa miungu yao, nani kamzaa nani, nani kawameza watoto wake, nani kaoa dada yake, halafu tesiti ya kwanza ikaja na swali moja tu, kwa nini Wagiriki hawakuwahi kuwa nchi moja. Nikatoa macho. Zeus hakunisaidia kitu.

Kwahiyo anzeni na ramani, miungu mtaikuta njiani. Milima inaikata nchi vipande vipande na bahari ndo inakuwa barabara, ndo maana kukawa na miji, mamia ya miji, kila mmoja na sheria zake, kalenda yake, sarafu yake na majeshi yake, na huo mji unaojitawala ndo wanauita polis. Na haikuwa Ugiriki hii ya leo peke yake, kulikuwa na miji ya Kigiriki Sicily, kulikuwa na Cyrene huko Libya, na pwani yote ya magharibi ya Uturuki. Herodotus, yule wanayemwita baba wa historia, kazaliwa Halicarnassus, leo ni Bodrum, Uturuki. Hata neno letu Uyunani linatoka upande huo huo, ni Ionia hiyo, sehemu ya pwani hiyo ambapo watu wa mashariki walikutana na Wagiriki, jina likapita kwenye Kiarabu mpaka likatufikia sisi. Mliokulia pwani hapa hamna shida, mnajua habari za Lamu na Pate, lugha moja, dini moja, wanaoana, na bado wakapigana Shela. Athens na Sparta ni vile vile: mwaka 480 KK wako upande mmoja wanamkabili Mwajemi, yani jeshi la Uajemi, Iran ya leo, kuanzia 431 mpaka 404 KK wanatwangana wao kwa wao hadi Athens ikasalimu amri.

Miaka sasa. KK inahesabiwa kinyumenyume, 490 inatangulia 480, na karne ya 5 KK ni ile miaka ya mia nne na kitu. Mnacheka lakini subirini UE, mtihani wa mwisho wa chuo, ukiwa na usingizi utaandika vita ya Marathon (490) imekuja baada ya ile ya Salamis (480), zote na Mwajemi, na alama zinakwenda hivyo. Halafu zama zenyewe msizichanganye. Kuna majumba ya kifalme ya Mycenae, kama 1600 mpaka 1100 KK hivi, yakaanguka, maandishi yao yakapotea kabisa, ikapita miaka kibao ndo wakachukua alfabeti kwa Wafoinike wakaongezea irabu. Mi kwenye asaimenti niliwaandika Achilles, shujaa wa hadithi za vita ya Troy, na Alexander, mfalme wa Macedonia, kama watu wa rika moja, lekchara akaweka kalamu nyekundu pembeni, "walikutana wapi?" Sasa Alexander mwenyewe alipovuka kwenda Asia mwaka 334 KK inasimuliwa alipita Troy kutoa heshima kwenye kaburi lililosemwa ni la Achilles, yani hata kwake zilishakuwa hadithi za kale.

Lingine, someni Homer mwenyewe, mshairi wa Iliad na Odyssey, msisome desa la mtu. Iliad haina farasi wa mbao! Kama desa lako linasema anapatikana humo basi aliyeliandika hajaifungua. Inasimulia wiki chache tu za mwaka wa kumi wa vita ya Troy na inaishia kwenye mazishi ya Hector, shujaa wa Troy, farasi anatajwa kwenye Odyssey, na kile kisigino cha Achilles hakimo, ni masimulizi ya baadaye. Na yale maneno yanayojirudia mpaka unachoka, Achilles mwepesi wa miguu, Achilles mwepesi wa miguu, sio uvivu, hii kitu ilikuwa inaimbwa mbele ya watu na muimbaji anahitaji vipande vilivyokwisha kukaa kwenye mizani. Aliyewahi kukaa kwenye utenzi unaoghaniwa ataelewa haraka.

Ila sehemu niliyoipenda kuliko zote, na ambayo nadhani tunaipata kirahisi kuliko wanaosoma kwa lugha nyingine, ni neno xenos. Wenzetu wa Kiingereza wanahangaika, mara watafsiri mtu asiyejulikana, mara mtu wa nchi nyingine, mara uliyemkaribisha nyumbani. Sisi tunasema mgeni, basi. Na ukilishika hilo neno hadithi zote zinafunguka. Vita ya Troy chanzo chake Paris, mgeni aliyepokelewa vizuri na Menelaus halafu akaondoka na mke wa mwenyeji. Odyssey nzima, safari ya Odysseus kurudi kwake kutoka vitani, ni nyumba kupimwa moja moja, huyu anakulisha kabla hajakuuliza jina, yule Cyclops, jitu la jicho moja, anauliza maswali kwanza halafu anawala wageni. Na wale wanaume wanaomtaka Penelope, mke wa Odysseus, ni wageni waliogoma kuondoka, miaka wanachinja mifugo ya watu. Sisi mgeni siku ya tatu tunampa jembe, Odysseus aliwapa mishale. Na Zeus, huyu niliyemkariri bure, moja ya kazi zake ni kuwalinda wageni, hapo ndo akaanza kuniingia akilini.

Mtafika kwenye demokrasia ya Athens, hapo twendeni taratibu. Wanawake hawapigi kura, watumwa hawapigi, wahamiaji hawapigi, hata Aristotle aliishi Athens miaka mingi bila kura kwa sababu kwao ni Stagira. Lakini vyeo vingi na baraza la watu 500 walipata kwa kura ya bahati nasibu, sio kampeni, na mwanasiasa akiwatisha wanaandika jina lake kwenye kigae cha chungu, vikifika idadi anafukuzwa mjini miaka 10. Themistocles, huyo huyo aliyewashindia Salamis, alifukuzwa hivyo. Wachimbaji waliopekua kisima kimoja karibu na Acropolis walikuta vigae kama 190 vyenye jina lake, wakakagua mwandiko, vimeandikwa na mikono 14 tu. Lekchara alipotuonesha picha zake darasa zima likaangua kicheko, hakuna aliyehitaji kuelezwa.