Maswali na majibu: Namba iliyomwangusha Fermat

Maswali mengi safari hii yanahusu namba moja: 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kuwa ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Swali: Mwalimu, namba hii inaishia na 7 na haigawanyiki kwa 3. Si ni namba tasa?

Jibu: Hapana. Ni 641 × 6,700,417. Hata 77 inaishia na 7 na haigawanyiki kwa 3. Nimeshalijibu swali hili mara nyingi mno. Tafadhalini, gawanyeni kwanza ndipo muulize.

Swali: Fermat alikuwa bingwa wa namba. Alikoseaje?

Jibu: Alichukua 2 kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, akaongeza 1 kila mara, akapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni tasa. Akaamini kwamba mpango huo hauna mwisho. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaonyesha kuwa ya sita, hii yetu, inagawanyika kwa 641. Baadaye akathibitisha kuwa kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Tasa za namna hiyo zinaanza 193, 257, 449, 577, 641. Yaani ukijaribu tano tu, umefika! Na hadi leo hakuna aliyepata tasa nyingine ya ukoo huo zaidi ya zile tano za mwanzo. Ndiyo maana nawasihi kila siku: mifano mitano haijathibitisha kitu.

Swali: Programu yangu inasema jibu la 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1, ni 1. Kwa nini?

Jibu: Umeihifadhi kwa biti 32 (nafasi 32 za 0 au 1), ambazo mwisho wake ni 4,294,967,295. Ikizidi hapo inarudi sifuri na kuanza upya. Tumia biti 64. Na ujihadhari, kwa sababu mara nyingi hutapewa onyo lolote.

Swali: Naweza kuhakiki 641 kwa kalamu tu, bila kugawanya namba yote?

Jibu: Unaweza, na ningependa kila mwanafunzi aifanye hesabu hii walau mara moja. 640 ni 5 × 128, yaani 5 mara 2 kwa kipeo cha 7. Kwa kuwa 640 ni pungufu ya 641 kwa 1, kwenye hesabu ya baki ni sawa na hasi 1; kwa hiyo ukizidisha 640 × 640 × 640 × 640 kisha ukagawanya kwa 641, baki ni 1. Zao hilo ni 625 mara 2 kwa kipeo cha 28. Lakini 625 ni 641 toa 16, kwa hiyo kwenye hesabu ya baki unaweza kuandika hasi 16 mahali pa 625. Na 16 mara 2 kwa kipeo cha 28 ni 2 kwa kipeo cha 32. Basi hasi ya namba hiyo inabakiza 1. Hamisha upande: 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1, haibakizi kitu.

Swali: Kuna ushahidi mwingine kuwa si tasa?

Jibu: Upo. Ni mraba wa 65,536 jumlisha mraba wa 1. Tena ni mraba wa 62,264 jumlisha mraba wa 20,449. Namba tasa haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti.