Aliyeugundua msongo wangu wa mawazo ni daktari wa meno

Nilimwendea nikilalamikia gego. Akalipiga picha, akasema jino ni zima. Kisha akaniuliza, "Usiku unasaga meno?" Mimi nitajuaje, na nimelala? Akanipa kioo nijionee magego yalivyolika, bapa kama yamepigwa msasa. "Una mambo gani siku hizi?"

Nilikuwa nayo mengi, ila sikuwahi kuyahusisha na mwili. Kichwa nilikuwa nakitibu kivyake, tumbo kivyake, na usingizi uliokuwa ukikatika saa tisa usiku niliulaumu mto. Nikabadilisha mto mara mbili.

Kumbe mwili hautofautishi sana mbwa anayekukimbiza na deni linalokudai. Kwa vyote viwili, tezi zilizokaa juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, sukari inapanda kwenye damu, kazi ya tumbo inazorota. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye alieleza jinsi panya waliosumbuliwa kwa njia tofauti kabisa walivyodhurika kwa namna ileile. Tofauti ni kwamba mbwa akishakata tamaa anaondoka. Deni unalala nalo.

Kilichonifaa kuliko vyote ni daftari. Sikuandika hisia zangu (sina kipaji hicho), niliandika saa na kiungo tu. "Saa nne asubuhi, mabega yamepanda masikioni." "Jumapili jioni, tumbo." Wiki ya tatu nikagundua tumbo la Jumapili halikosi, na kikao kilikuwa Jumatatu. Nikaanza kukiandalia kazi zake Ijumaa. Tumbo halikupona siku hiyo hiyo, lakini Jumapili nilianza kuzipata tena.

Kahawa nikaishia saa sita mchana, maana saa tano baada ya kunywa, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Kutembea dakika 20 kulisaidia pia, na kutoa pumzi polepole kuliko ninavyoivuta.

Ila usije ukayasingizia mawazo kila kitu. Tumesikia sana kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo. Madaktari Barry Marshall na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba kuna bakteria, Helicobacter pylori, anayehusika, na huyo anatibika kwa antibayotiki. Mimi nilipopimwa hakuonekana. Daktari akaniuliza dawa ninazomeza kwa ajili ya kichwa. Ibuprofeni, karibu kila siku. Hiyo nayo hudhuru ukuta wa tumbo! Na kifua kikibana, maumivu yakashuka mkononi au kupanda kwenye taya, usikae kujisemea ni mawazo. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Usiku navaa kile kiplastiki cha kukinga meno. Mchana taya bado linanikaza nikifungua barua pepe za watu fulani. Sasa nalishtukia. Naachanisha meno, naulegeza ulimi, kisha naendelea kusoma.