Igeuze picha nyuma kabla ya kuishika burashi

Mwaka huu wamekuja watatu hapa karakanani, Katuba, mtaa wa Lubumbashi huku Kongo, na wote watatu wana hadithi moja. Walikuwa wakichora tangu utoto, maisha yakawakokota kwingine, sasa wanataka kurudi. Mmoja aliacha hadithi ya katuni kwenye daftari la shule, mwingine picha za kijiji cha mama yake. Swali lao ni lile lile: fundi, nianzie wapi? Na mimi huwajibu: kaniletee kwanza ulichokiacha. Usinisimulie unachokikumbuka. Niletee chenyewe, hata kama kimeliwa na panya.

Wadogo zangu, nawasumbua hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilirudi vibaya.

Mwaka 1990 nilikuwa na miaka kumi na sita, mwanafunzi kwa fundi wa vibao mtaa wa Kenya (Kenya yetu ya Lubumbashi, si ile ya Nairobi). Mchana nilijaza rangi ndani ya herufi zake, jioni nilichora zangu. Nilikuwa nimeapa kuchora maisha ya kambo kwa picha kumi na mbili. Kambo ndivyo tunavyomwita babu au bibi hapa kwetu. Msije mkadhani nasema baba wa kambo. Huyu alikuwa baba mzazi wa mama. Aliletwa mjini na treni kutoka upande wa Kabongo akiwa kijana, akafanya kazi kwenye tanuru la shaba mpaka uzee. Alikwisha kufa nilipoanza. Aliyenisimulia ni kambo mwanamke, mjane wake, akichambua sombe (majani ya muhogo) uani nami nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Nilifika picha ya saba, nikaacha. Nikazikunja zote pamoja, nikazifunga na karatasi ya plastiki, nikazipandisha juu ya kabati. Zikakaa huko miaka thelathini. Mimi nikaandika vibao: saluni, makanisa, maduka ya dawa, wauza simu. Baadaye zikaja mashine za kuchapa mabango, na kibao cha siku tatu mteja akakipata kwa saa moja, tena kikiwa na sura yake akicheka. Nikabaki na burashi na muda mwingi. Ndipo, mwaka 2022, nikaushusha ule mzigo.

Kosa la kwanza nililifanya dakika hiyo hiyo. Ulikuwa mwezi wa saba, mnajua baridi ya kiangazi yetu asubuhi, hewa kavu inayopasua midomo. Rangi ya mafuta ikizeeka inakakamaa kama ganda la yai, na mimi kijana nilizikunja picha uso ukiwa ndani. Nilipozifungua kwa pupa, ile ya kwanza ikalia kra, na mwembe mzima wa kijijini ukaniangukia magotini vipande vipande. Basi shikeni hili. Picha ikilazimika kukunjwa, uso uwe nje, na ikunjwe juu ya kitu kinene, bomba kwa mfano. Rangi iliyo nje inavutwa tu; ikipata nyufa ndogo, zitajifunga ukiinyoosha. Rangi iliyo ndani inabanwa, inajikunja, inabanduka. Na ya zamani usiifungue kwenye baridi kavu. Ngoja mvua zianze, hewa ilainike, uifungue kidogo leo, kidogo kesho, ukiegemeza vitabu pembeni. Mimi zile nyingine sita nilizingojea mpaka mwezi wa kumi na moja.

Kungoja huko kulinifundisha subira kuhusu rangi tu. Kichwa kilikuwa bado kina haraka.

Picha ya tatu ni kambo siku ya kwanza kazini. Amesimama wima, na kifuani ana bati la namba. Wafanyakazi wa migodi zama hizo walikuwa na namba zao. Kwa namba ulihesabiwa, kwa namba ulipokea posho. Sasa yule kijana alikuwa amechora bati kubwa kuliko uso wa mwenyewe. Bati kama sinia! Nilipoliona nikacheka. Nikajisemea, maskini, alikuwa hajui vipimo. Nikachukua msasa, nikausugua uso ili niuchore upya vizuri, nikaja kwenye bati, hapo nikachoka kusugua, nikalifunika tu kwa rangi ya maji iliyokuwa imebaki kwenye kopo. Nikachora bati dogo, la saizi yake halali, na uso mzuri wa mzee mwenye heshima. Nikamwita mama aje aone.

Mama ana miaka sabini na zaidi na hapotezi maneno. Aliangalia, akasema: “Ule njo nani?” Yaani, huyo ndiye nani?

Nikamwambia, si baba yako huyu.

“Hapana. Namba iko wapi?”

Sikumwelewa. Nilimwelewa jioni, nilipoigeuza picha ili niigongomee kwenye fremu. Nyuma, kwa penseli, kwa mwandiko wangu wa utoto, maneno ya kambo mwanamke: “Namba njo ilikuwa jina yake kule.” Kumbe yule kijana vipimo alivijua. Bati lilikuwa kubwa kwa sababu aliambiwa lilikuwa kubwa. Aliyesahau ni mimi, na aliyesimulia alikwisha kuzikwa mwaka 1998, hakuna wa kumrudia.

Rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta. Fundi yeyote anajua hilo: mafuta juu ya maji yanakaa, maji juu ya mafuta yanabanduka. Mimi nilikuwa nalijua, nikafanya uvivu. Mvua zilipokolea, ukarabati wangu ukaanza kuchubuka wenyewe kama ngozi ya nyoka, nami nikaumalizia kwa kucha. Bati la zamani likatoka chini likiwa zima, na namba yake. Uso haukutoka, maana uso niliupiga msasa kwanza. Ipo hapo ukutani hivi sasa, mnaiona kila siku: mwanaume mwenye namba, asiye na sura. Wageni wananisifu kwamba nilikusudia.

Tangu hapo nina sheria moja tu kwa mtu anayerudi kwenye kazi yake ya ujana: mwezi mzima, mikono mfukoni. Soma ulichokiacha. Soma mbele na soma nyuma, soma pembeni ulikojaribia rangi, soma ulipofuta. Mnachukulia kwamba mtu mzima anarudi kumsaidia mtoto aliyeshindwa kumaliza. Mara nyingi mtoto alikuwa karibu zaidi na jambo lenyewe. Alikaa kwenye ile ndoo.

Na kama nyuma hapana maneno? Basi yaandike sasa, kabla ya kitu kingine chochote: nani alikuambia, lini, alisemaje. Hili si wazo langu, ni desturi ya mji huu. Picha zetu za kutundika sebuleni tuliziita ukumbusho, na ukumbusho haukamiliki bila mtu wa kuueleza. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa hapa hapa, alichora historia ya nchi nzima kwa picha kama 100 kati ya mwaka 1973 na 1974, mara nyingi kwenye kitambaa cha mifuko ya unga. Mnunuzi alikuwa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha hapa. Walikaa na kinasa sauti, Tshibumba akaeleza picha moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili chetu. Picha zimesalia na sauti imesalia, na moja bila nyingine ingekuwa nusu. Ninyi mna simu mfukoni. Kama aliyekusimulia yu hai, nenda kwake Jumapili hii.

Kuhusu pesa na muda sina mengi. Chukua asubuhi moja ya wiki, ile ile kila wiki, na usiiuze kwa mteja. Mifuko ya unga ya pamba imekuwa adimu, ya sasa ni plastiki iliyofumwa na rangi haiipendi. Nunua amerikani, ipake rangi nyeupe mara mbili, inatosha. Chora ndogo. Wanaoniambia hawana kitambaa kikubwa huwa hawajachora hata kwenye kidogo.

Nirudi kwenye picha ya saba, kwa kuwa humo ndimo nilimojua kwa nini niliacha.

Miaka thelathini nilikuwa na jibu tayari, na lilikuwa jibu zuri. Nilisema: nchi ilianguka. Na kweli ilianguka. Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilitoa chini ya 50,000 mwaka 1994. Mwaka 1993 walipoleta fedha mpya, zaire mpya, moja ilibadilishwa kwa zaire milioni 3 za zamani. Waliokuwa wakinunua picha za Mamba Muntu (yule nguva wa majini) na picha za koloni ya Wabelgiji walikuwa watu wa mshahara. Mshahara ulipokufa waliuza viti vya sebule, nani angenunua picha ya kutundika juu ya kiti ambacho hakipo? Nilisimulia hivyo kwa mke wangu, kwa watoto, hata kwa mzungu mmoja aliyekuja na kamera. Wote walitikisa kichwa kukubali.

Nyuma ya picha ya saba pameandikwa Machi 1992. Nami nina bado daftari la hesabu la wakati ule: mwezi wa nane mwaka huo huo nilinunua kopo la rangi nyekundu, zima. Rangi nilikuwa nayo. Kitambaa kilikuwa tayari kwenye fremu. Nikaipeleka picha dirishani, nikaiinamisha mwanga uipige kwa ubavu, nikaona matuta chini ya rangi: watu waliochorwa, wakakwanguliwa, wakachorwa, wakakwanguliwa. Mara tatu.

Picha yenyewe ni mgomo wa Desemba 1941, wafanyakazi walipodai mshahara na askari wakawapiga risasi kwenye uwanja wa mpira. Kambo alikuwepo. Mimi nilihitaji kuchora umati unaokimbia, na sikujua kuchora mtu anayekimbia. Watu wangu walisimama wima na miguu imepanuka kama bikari ya hesabu. Nilishindwa mara tatu, nikaona aibu, nikazikunja. Anguko la nchi lilikuja baadaye kidogo, nikajifunika nalo.

Nawaambia kwa sababu tiba ya kila moja ni tofauti. Aliyeacha kwa kukosa pesa anahitaji pesa. Aliyeacha kwa kushindwa anahitaji kujifunza kile alichoshindwa, na akirudi bila kukijifunza ataacha tena pale pale, safari hii na mvi. Nilikwenda kwenye uwanja wa vumbi ambapo watoto wa mtaa wanacheza mpira, mpwa wangu akawapiga video, tukaipunguza kasi. Kiwiliwili kinatangulia miguu! Anayekimbia ni mtu anayeanguka na kujiwahi. Miezi miwili nilichora hao tu, kwa makala (mkaa) ya jikoni, nyuma ya vibao vya zamani ambavyo wateja hawakuja kuvichukua. Mke wangu alidhani nimeanza biashara ya mkaa.

Mkono nao ulinisumbua. Miaka ya herufi inaufundisha kuvuta mistari iliyonyooka, na umati hauna mstari. Hapo nilimkumbuka Bela, mchoraji wa ile karakana ya Hangar aliyoianzisha Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946 mjini hapa. Bela alichora kwa ncha za vidole. Nikaweka burashi chini, vumbi la uwanja nikalichora kwa vidole. Likakaa.

Lakini nyuso zilikuwa bado zinanishinda. Nikaigeuza picha ya saba kwa mara ya pili, maana kumbe tarehe haikuwa peke yake. Chini yake, penseli imefifia, nikatundika kitambaa dirishani kupunguza mwanga ili nisome: “Kambo aliona migongo tu.”

Kijana aliandika hivyo mwenyewe, kisha akahangaika mara tatu kuchora nyuso.

Ile saba ya zamani sikuimaliza. Imetundikwa na makwaruzo yake. Nilichora saba nyingine, migongo mitupu, mashati na visigino, na imekaa karibu yake. Mteja akitaka kununua moja namwambia zinakwenda pamoja.

Ya nane ndiyo mnayoiona kwenye meza. Kambo ananunua baiskeli, ya kwanza kwenye safu yao ya nyumba kambini. Hii haina kitu nyuma, kambo mwanamke hakuwahi kuifikia, kwa hiyo nimewaita mama na mjomba aliyeko Likasi. Mama anasema ilikuwa nyeusi. Mjomba anasema kijani, na kwamba mama alikuwa bado anabebwa mgongoni, angejuaje. Wameacha kusalimiana tangu Pasaka. Baiskeli nimeiacha nyeupe, nimemalizia kengele.