Riwaya yangu ina polisi, mganga na mapenzi: niiweke rafu gani mtandaoni?

SWALI

Habari za kazi, mhariri. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Mwaka jana nilichapa riwaya yangu kwa gharama zangu, nakala 500. Inamhusu afande wa kike anayefuatilia kifo cha mfanyabiashara wa nafaka. Mna mganga, na mna mapenzi. Nimeuza nakala 120 hivi, nyingi kwa ndugu na walimu wenzangu. Rafiki yangu aliyeko Uingereza ananiambia huko wasomaji wana tovuti zilizogawa vitabu kwa aina: mpenda upelelezi ana chumba chake, mpenda mapenzi ana chake. Nikajisajili Goodreads, ambako wasomaji hupanga vitabu na kuvitolea maoni, na Wattpad, ambako waandishi huweka hadithi zao. Kote nimeandika upelelezi, mapenzi, uchawi, maisha na siasa, nisije nikakosa msomaji. Miezi minne sasa, nimepata watu wawili. Nakosea wapi? Na mimi kama msomaji, nitazipataje humo riwaya za Kiswahili za aina ninayoipenda?

JIBU

Salama, mwalimu, na pole na maboksi ya vitabu sebuleni. Karibu kila anayejichapishia huwa nayo.

Nianze na hizo aina tano, maana ndipo gari lilipokwama. Uliziweka usimkose msomaji hata mmoja, ukawakosa wote. Mpenda upelelezi akiingia chumbani kwake akakuta kitabu kinachojiita pia cha mapenzi, cha siasa na cha maisha, anakipita. Ni kama duka lenye kibao "Nyama, saruji na vocha": mwenye njaa haingii humo, na fundi naye haingii.

Kwenye tovuti hizi, aina ya kitabu ni ahadi unayompa msomaji kuhusu namna hadithi itakavyoisha. Ndiyo maana nikiletewa mswada mchanganyiko kama wako huwa nafungua ukurasa wa mwisho kwanza. Swali gani linajibiwa pale? Kama ndipo tunapoambiwa nani alimuua yule bwana wa nafaka, hicho ni cha upelelezi, hata afande akiolewa ukurasa mmoja kabla. Kama muuaji alishajulikana zamani, na kilichotufanya tuendelee kusoma ni kutaka kujua iwapo afande atamkubali mchumba wake, kipeleke kwenye mapenzi.

Mganga ndiye mwenye utata. Ikiwa uganga wake unafanya kazi kweli ndani ya hadithi, marehemu akasema kupitia kinywa chake na muuaji akakamatwa kwa njia hiyo, wapenda upelelezi watalalamika kwamba umewadhulumu. Wao wanataka dalili ambazo hata wao wangeweza kuzifuata na kumgundua mtu. Kitabu cha namna hiyo kinahamia kwa wapenda hadithi za kutisha au za maajabu, na huko kitapokewa vizuri. Lakini kama mganga ni mshukiwa mmoja kati ya watatu, na ule mzimu wake ukaja kugundulika kuwa ni simu iliyofichwa darini, basi yeye ni kiungo cha upelelezi, tena kiungo kitamu.

Hili nililijua kwa kuungua. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilipewa mkusanyo wa hadithi za majini. Jalada lilikuwa na mchoro wa rangi za kupendeza, nami bila kusoma zaidi ya kurasa kumi nikaujaza kwenye fomu kuwa ni kitabu cha watoto. Mzazi wa kwanza kuandika maoni alisema mwanawe hajalala siku mbili. Kitabu hakikuwa na kosa lolote. Mkosaji alikuwa mimi niliyekikaribisha chumba kisicho chake.

Sasa tuje kwenye mitambo yenyewe, kwa sababu tovuti hizo mbili ulizojisajili hazifanyi kazi kwa namna moja.

Wattpad, iliyoanzishwa Toronto mwaka 2006, inakutaka uchague kundi moja la hadithi yako, kisha uongeze lebo, yaani maneno mafupi ya kuitambulisha. Hapo mwandishi ndiye anayeamua. Goodreads ni kinyume chake. Ilifunguliwa kwa wasomaji mwaka 2007, Amazon ikainunua mwaka 2013, na aina zinazoonekana kwenye ukurasa wa kitabu zinatokana na rafu, yaani orodha binafsi, ambazo wasomaji wenyewe wamekiweka. Kwa hiyo yale matano uliyoandika pale ni rafu zako binafsi; ni sauti ya mtu mmoja, tena mwenye maslahi. Wakija wasomaji kumi na wanane wakakiweka rafu ya "mystery", mfumo utakiona kuwa ni cha upelelezi. Wakikiweka rafu ya "upelelezi", majina ya aina yanayotambuliwa na mfumo huo ni ya Kiingereza, na kitabu chako kitabaki gizani. Inaudhi, najua. Wanaokisoma waombe wakiweke rafu mbili: ya "mystery" na ya "swahili". Ya pili ndiyo wanayoifuata wanaotafuta vitabu kwa lugha yetu.

Kuna mahali ambapo tatizo hili la majina limetatuliwa vizuri, ingawa huwezi kuuza kitu pale. Archive of Our Own ni hazina ya mtandaoni ya hadithi ambazo mashabiki huandika kuhusu wahusika wa vitabu na filamu wanazozipenda. Inaendeshwa kwa kujitolea na ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2009. Mwandishi huweka lebo yoyote atakayo, kwa maneno yake. Nyuma ya pazia kuna watu wa kujitolea wanaozisoma lebo hizo na kuziunganisha zenye maana moja, ili anayetafuta neno hili apate na lile. Mwaka 2019 hazina hiyo ilipewa Tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za kisayansi na za maajabu, na mimi kama mtu wa taarifa za vitabu nilifurahi kana kwamba nimepewa mimi. Tovuti nyingine nyingi hazina watu hao. Ukiandika "upelelezi", mwenzako "kipelelezi" na wa tatu "uchunguzi", mmefungua vyumba vitatu, kila kimoja na mtu mmoja ndani. Kabla hujaweka lebo, tafuta kwanza neno gani lina watu wengi tayari, ulifuate hilo hilo, hata kama lako ni fasaha zaidi.

Bado kuna aina inayokaa ndani kabisa, ambayo msomaji haioni. Siku ukitaka kuuza nakala ya kielektroniki kupitia Google Play Books au msambazaji wa nje, utaulizwa msimbo wa mada, yaani alama fupi inayowaambia wauzaji kitabu ni cha aina gani. Marekani wanatumia orodha ya misimbo iitwayo BISAC, inayotunzwa na Book Industry Study Group. Upelelezi kwa jumla ni FIC022000, na upelelezi wa askari polisi ni FIC022020, ambao ndio ningekupa wewe. Ushauri wao ni misimbo isiyozidi mitatu, ulio mahususi zaidi ukiwa wa kwanza. Ulaya na kwingineko wana orodha yao, Thema, iliyoanza mwaka 2013: upelelezi ni FF, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuongeza mahali hadithi inapotokea, Tanzania ikiwa 1HFGT. Kigezo hicho usikiache. Wapo wasomaji wanaotafuta upelelezi wa nchi fulani tu, na rafu ya Tanzania haina msongamano.

Kwenye fomu hizo hizo angalia sehemu ya lugha. Msimbo wa Kiswahili ni swa. Nimeona riwaya nyingi zetu zimeandikishwa kuwa ni za Kiingereza kwa sababu fomu ilifunguka na Kiingereza kikiwa kimeshachaguliwa na mtu hakushuka kukibadili. Mzungu anainunua, anafungua, anakuta "Paukwa", anarudisha na kuacha nyota moja.

Na ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, unayo? Angalia nyuma ya jalada: za Tanzania huanza 978-9976, 978-9987 au 978-9912. Kama huna, zinatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Nakala ya karatasi na ya kielektroniki kila moja inahitaji ya kwake. Bila namba hiyo kitabu kinaweza kuingizwa Goodreads kwa mkono, lakini kila tovuti itakuwa na ukurasa wake usiojua kuhusu mwingine.

Baada ya kusema hayo yote, nikwambie lililo kubwa zaidi. Wasomaji wako wengi hawako Goodreads. Wako kwenye makundi ya simulizi ya WhatsApp na Facebook, na kwenye JamiiForums, wakisoma sehemu ya 41 huku daladala ikiwa foleni Ubungo. Makundi hayo nayo yamegawanyika kwa aina, hata kama hakuna aliyeketi kuyagawa: kuna ya kijasusi, ya mapenzi, ya kutisha. Ni urithi wa hadithi za mfululizo za magazetini zilizokuwa zinaishia na "Itaendelea" pale pale moyo unapodunda. Msomaji wa kundi la kijasusi anajua anachokitaka kuliko mhakiki yeyote, na mwandishi akimletea ngonjera za mapenzi sura tatu mfululizo atamwambia hadharani.

Huko uingie kama msomaji kwanza. Kaa mwezi mzima, soma za wenzako, toa maoni ya kweli. Ukishafahamika, mwombe msimamizi ruhusa, kisha weka sura tano za mwanzo, moja kila jioni, ukikatisha mahali panapouma. Sura ya tano ikiisha, weka namba ya malipo ya simu na bei, pamoja na jinsi nakala ya karatasi itakavyofika kwa basi. Kitabu kizima kama PDF usikitume, hata kwa mtu anayekuapia. Kitarudi kwako baada ya wiki kikiwa kimepita makundi ishirini, na jina lako limefutwa.

Katika kukitambulisha, tumia majina ambayo wapenzi wa aina hiyo wanayajua, lakini kwa uaminifu. Kila mwandishi mpya anasema kitabu chake ni cha wapenzi wa Willy Gamba. Gamba, mhusika wa riwaya za Elvis Musiba, ni jasusi. Afande wako hapandi ndege kwenda kuokoa taifa. Joram Kiango, mpelelezi wa riwaya za Ben Mtobwa, anakaribia kidogo. Kwa unavyokieleza, ndugu wa karibu wa afande ni Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, anayekaa na kiko chake akizipanga dalili mpaka zikae sawa. Mwambie msomaji hivyo, na atakayekuja atakuwa amekuja kwa sababu inayomhusu.

Matangazo ya kulipia ya BookBub, ambayo rafiki yako huenda atakutajia, yapitie mbali. Yanapeleka barua pepe za ofa kwa wasomaji wa kila aina, lakini ni wasomaji wa Kiingereza, na nafasi moja ni mamia ya dola.

Sasa swali lako la pili, la kutafuta. Usianze na sanduku la kutafutia. Anza na kitabu unachokipenda, fungua ukurasa wake, soma maoni, kisha mfuate mtu mmoja aliyeandika jambo ulilokuwa unaliwaza na ufungue rafu zake. Ladha yake itakuongoza vizuri kuliko mfumo, hasa kwa Kiswahili ambako data ni chache. LibraryThing, tovuti ya wasomaji kuorodhesha vitabu vyao iliyoanza mwaka 2005, inakuruhusu kuunganisha lebo mbili kwa pamoja, kwa mfano ya Kiswahili na ya riwaya, na mara nyingi inaibua vitabu vya miaka ya sabini ambavyo madukani havipo tena. StoryGraph, tovuti nyingine ya wasomaji iliyotengenezwa na Nadia Odunayo huko London, inawauliza wasomaji kitabu kinakwenda mbio au polepole, na kinamwacha mtu na hali gani. Kwa anayependa upelelezi wenye giza la uganga, kigezo hicho kinasaidia kuliko jina la aina. Kwa nakala zenyewe, African Books Collective ya Oxford inasambaza nje vitabu vya wachapishaji wetu kama Mkuki na Nyota. Mwelekeze huko rafiki yako wa Uingereza.

Orodha za tuzo, kama ile ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, zitakupa riwaya nzuri, ila hazikwambii ipi ya upelelezi. Hapo itabidi usome muhtasari mmoja mmoja. Ukimaliza, ziweke rafu sahihi wewe mwenyewe, maana mwalimu mwingine atakuja kutafuta kesho.

Kwa wiki hii fanya moja tu: futa zile aina nne, ubakize moja. Kama bado unasitasita kati ya afande na mganga, nitumie ukurasa wako wa mwisho. Kitabu kizima kibakize kwako.