Kidole shingoni saa nane usiku

Swali lenu la wiki hii, "hofu ya kufa ikikushika usiku unafanyaje?", limenigusa kwasababu mi nimeishi nayo karibu miaka miwili na mbele za watu nacheka tu kama kawaida.

Yangu ilikuwa inakuja saa nane usiku. Nashtuka moyo unaenda mbio, vidole vimekufa ganzi, kifua kimebana, nasema haya ndo leo. Basi kidole shingoni, nahesabu mapigo kwa saa ya simu, 96, narudia, 104, nikiona yamepanda naogopa zaidi nahesabu tena, yaani kuna kipindi pale shingoni palikuwa panauma kwa kubonyezwa. Alafu namwamsha mke wangu, hebu niwekee mkono hapa, uko sawa? Ananiambia uko sawa lala. Nalala. Kesho yake tena.

ECG (kipimo cha umeme wa moyo) nimepimwa mara tatu, zote safi, na raha ya kipimo safi kwangu ilikuwa inakaa siku nne tu. Siku ya tano kichwa kinauliza, je kama mashine haikuona?

Aliyenifungua macho ni daktari mmoja mama mtu mzima. Vipimo vyangu alishavipitia (kwahiyo we mwenye pumu au shida ya moyo usijaribu hii peke yako), akanikalisha akasema pumua haraka haraka kwa mdomo dakika moja. Nikadhani ananitania. Dakika haijaisha ganzi ile ile, kizunguzungu kile kile, ugonjwa wangu wa usiku umekuja mchana kweupe! Kumbe mtu akiogopa anahema kupita kiasi bila kujijua, kaboni dayoksaidi inapungua kwenye damu ndo vidole vinakufa ganzi, na adrenalini (homoni ambayo mwili unaitoa ukiogopa) inaukimbiza moyo. Akasema mara nyingi hofu inafika kileleni ndani ya dakika 10 alafu inashuka yenyewe, ukiiacha.

Sasa hapo kwenye "ukiiacha" ndo nilipotoka jasho. Alinikataza kupima mapigo, kusaka dalili kwenye simu na kumuuliza mke wangu kama niko sawa, na yeye mke akaambiwa asinijibu. Wiki ya kwanza nilimchukia daktari, nilimchukia na mke. Nilikuwa nalalia mikono ili isiende shingoni, natoa pumzi taratibu kuliko ninavyoivuta, nasubiri. Ilikuja ikaondoka, ikaja tena ikaondoka, na mi bado nipo.

Wale wa "acha mawazo" naomba mtusamehe, ingekuwa yanaachika tungeshayaacha. Na mawazo yenyewe sio ya uongo, kufa nitakufa kweli, sema nilikuwa nataka uhakika kwamba sio leo na huo hakuna mwenye nao, hata huyo anayekoroma pembeni yako.

Ila kama ndo mara yako ya kwanza kifua kubana, au maumivu yanaenda mkononi au kwenye taya, usisome majibu ya watu kama mimi, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Bado inanitembelea. Juzi imekuja nikakaa kitandani, mke wangu akageuka, vipi? Nikamwambia imekuja. Akasema haya, ikiondoka uzime taa, akajifunika shuka akalala.